Daftari la Daraja la Nyangao

Alipostaafu, Chilumba alinikabidhi funguo mbili,
jokofu lililokuwa likiugua,
na daftari la kaunta lililoliwa na mende pembeni.
"Lukuledi wote umo humu," alisema,
akaenda zake Mnero kulima mbaazi.

Hakusema kweli. Zilikuwamo Jumatatu tu,
maana Jumatatu ndiyo siku aliyopata baiskeli.
Zilikuwamo asubuhi tu, saa tatu, saa tatu na nusu,
chupa ikishushwa kwa kamba kutoka nguzo ya pili.
Kisha miaka miwili mitupu, kwa kalamu ya risasi:
hakuna vidonge vya kupimia.
Hakuna.
Hakuna.
Na Machi moja: daraja limekwenda na maji.
Siku mto ulipokuwa na mengi ya kusema
hapakuwa na mtu wa kuukingia chupa.

Nilidhani kazi ni kuweka nukta na kupitisha rula.
Nikapitisha. Mstari ukateremka!
Nilifurahi muda wa kuchemsha chai,
kisha nikakumbuka mvua za miaka ile ya mwisho.
Ukionja sufuria ya harusi ukakuta haijakolea
usiseme mpishi kapunguza chumvi:
huenda maji yamezidi.

Nikaanza upya, kila nukta naihoji:
ulichotwa lini, maji yalifika wapi kwenye nguzo,
ilikuwa mvua ya kwanza au ya arobaini?
Maana mvua ya kwanza ya kifuku ni mdaku,
hupita bustani kwa bustani,
ikazoa yote yaliyomwagiwa mchicha na nyanya kiangazi
ikayafikisha mtoni kabla hujafunga dirisha.
Ya arobaini haina habari. Inasuuza tu.
Nikalinganisha Januari na Januari, kina na kina,
kama mama anayepima urefu wa wanawe
baada ya kuwavua viatu.

Na lile jicho la Chilumba.
Vidonge vilitoa rangi ya waridi, naye aliisoma kwa kutazama,
na mwaka wa mwisho jicho lile lilikuwa na mtoto wa jicho.
Waridi yake ilipauka polepole, bila yeye kujua.
Hilo nalo nililirudisha kwenye hesabu,
kwa heshima, kwa wino wa bluu.

Ndipo mstari ulipoinuka.

"Naitreti kumi na moja," alisema mkubwa Lindi,
"na kikomo ni hamsini. Kelele za nini?"
Tatizo si kumi na moja, nikasema.
Tatizo ni kwamba ilikuwa mbili.
"Basi nipe namba moja, inapanda kiasi gani kwa mwaka."
Nikampa mbili: haipungui hii, haizidi hii.
Akanitazama kama aliyeuliza bei ya pweza
akatajiwa bei ya bahari.

Sikumwambia lililobaki.
Maji haya hayakutoka yote kwenye mvua ya juzi.
Mengine yanatembea chini, ndani ya mchanga,
bila haraka, bila kalenda.
Ninachokinga leo huenda kilizama ardhini
mwaka ule Mama alipokopa mfuko wake wa kwanza wa urea
kwa ajili ya mahindi, kule juu ya Mwena.
Mwaka ule ghala lilijaa hadi mlangoni.
Sare yangu ya kidato cha kwanza
imo humo, kwenye kumi na moja.

Nilimpigia simu. "Sasa niache?" akauliza.
Hata ukiacha leo, Mama, mto hautajua
mpaka mjukuu wako aote ndevu.
Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
"Basi andika tarehe," akasema.

Jumatatu. Saa tatu na dakika kumi.
Nguzo: sentimita arobaini na mbili. Anga jeupe.
Chupa ina ufa.
Nimerudi kuchukua nyingine.